Maji ya Mtani

Siku hiyo Soavelo alikuwa na hasira na kila kitu, hata na kuni. Alizisukuma chini ya chungu kama mtu anayetupa mawe, na nta iliyokuwa ikiyeyuka ikapanda mpaka ukingoni.

"Mwagika," aliiambia. "Mwagika basi, tuone."

Nta haikumwagika. Ilishuka taratibu, ikaendelea kutokota.

Aliishi nyuma ya Marodoka, kisiwani Nosy Be, pale ambapo nyumba za mawe za wafanyabiashara zinakwisha na vibanda vya wakimbizi vinaanza. Kazi yake ilikuwa kusafisha nta. Watu wa misituni walimletea masega yaliyokwisha kukamuliwa asali, meusi, yamejaa mabawa ya nyuki na vipande vya magome. Yeye aliyayeyusha katika maji, akayachuja kwa kitambaa cha rafia, akayaacha yapoe. Uchafu wa nta hushuka polepole na kujikusanya chini ya donge, na ukilitazama donge kwa juu utaona manjano safi tu, ya kupendeza. Kwa hiyo wanunuzi wa Marodoka walipindua kila donge kabla ya kufungua mdomo. Madonge ya Soavelo hayakuwa na haja ya kupinduliwa. Aliyakwangua chini mpaka yakalingana na juu, na kwa jambo hilo alijulikana.

"Soavelo, weh! Unapika au unapigana?"

Aliyeingia uani alikuwa Kalathumi, mjane mnene wa ukoo wa wafanyabiashara wa Kiislamu, mnunuzi wake wa siku zote. Kama wenzake wote wa Marodoka alizungumza Kisakalava, akakichovya hapa na pale katika maneno ya dini na ya biashara aliyoachiwa na baba zake.

"Yote mawili, Mama Kalathumi. Nta bado haijapoa."

"Sikuja kwa nta. Nina mgeni. Watu wa Mahajanga wamemtua kwangu kama gunia, wakaondoka. Miguu imemvimba mpaka magotini, inapasuka, inanuka. Hafi na haponi, maskini wa Mungu. Na kutwa anakutaja wewe."

"Mimi? Nani huyo?"

"Anajiita Jaotombo. Anasema wewe ni ziva wake."

Soavelo aliweka upawa chini. Aliuweka kwa uangalifu sana, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

Ziva ni mtani. Kwa Wasakalava wa Boina kuna koo zilizofungwa na utani usiokatika. Mtani huingia jikoni kwako akala kilichomo. Hukutukana mbele ya wakwe zako. Ukifa, yeye ndiye anayekubeba, na njiani huikebehi maiti yako mpaka waliokuwa wakilia waanze kucheka. Na wewe huruhusiwi kununa. Mtani hakasirikiwi, na hakuna mzee wa kuijadili upya sheria hiyo barazani, kwa kuwa ilizaliwa kabla ya wazee wote. Lakini mtani akikudhuru kweli, ubaya humrudia mwilini mwake, na mganga hana la kufanya. Ni yule aliyedhuriwa peke yake awezaye kuchukua maji kinywani, akamrushia kichwani, akasema imekwisha.

"Anataka maji ya kinywa chako," alisema Kalathumi. "Ndiyo yaliyomleta."

"Mwambie mimi ni Mkristo. Mambo ya mizimu tumeyaacha."

"Sikukuuliza mizimu, mwanangu. Ni maji. Hata kuku wa jirani nikiwaona wameachama kwa kiu nawawekea."

"Kuku hao hawajaua mtu."

Kalathumi alimtazama. Kisha alijifunga vizuri kanga yake ya begani, akaondoka bila kuuliza zaidi, jambo ambalo kwake lilikuwa gumu kuliko kufunga mwezi mzima.

Walikulia pamoja Antsanitia, kaskazini ya Mahajanga, Soavelo na Jaotombo. Soavelo alimwita mwenzake kinda la popo kwa ajili ya masikio yake. Jaotombo alimwita kibuyu kilichopasuka, akidai kwamba siri zote zinamvuja. Alikula samaki wake, akamfichia nguo alipokuwa akioga, akaja kucheza ngoma siku ya harusi yake huku amevaa ungo kichwani. Ndiye aliyekuwa peke yake wa kucheza. Ndugu za Soavelo walikaa wamekunja uso, kwa sababu bwana harusi alikuwa Ratsimba, askari wa nyanda za juu, mmoja wa wale waliomfukuza mfalme wa Boina na kujenga boma lao juu ya kilima cha Mahajanga.

Ratsimba alikuwa mpole, na upole wake ulikuwa na sababu. Alijua kusoma. Mchana wa jua kali, wenzake wakiwa wamelala, alimsomea mkewe habari za Bwana aliyetemewa mate asiteme. Soavelo alisikiliza kwa adabu tu. Alikuja kuamini siku nyingine, bila kitabu: mumewe alipigwa kofi na mkubwa wake mbele ya watu, akarudi nyumbani, na Soavelo akakaa akingoja. Alingoja apigwe yeye, au mbwa, au mlango. Ratsimba alinawa uso, akaomba chakula, akala, akamsifia mchuzi. "Hiyo hasira umeiweka wapi?" aliuliza Soavelo. Ratsimba alisema, "Iko mlangoni. Kila saa namwomba Mungu anisaidie isiingie." Wiki hiyo hiyo Soavelo alibatizwa kwa maji ya mtungi wao.

Baadaye malkia wa nyanda za juu aliipiga marufuku dini hiyo, na adhabu yake ilikuwa kifo. Kitabu kikawekwa chini ya ngozi ya ng'ombe waliyolalia. Jaotombo alijua. Mtani aingiaye jikoni bila hodi hujua kila kitu.

Ikawa asubuhi moja Soavelo anapita sokoni na kikapu cha kamba, na Jaotombo amesimama kati ya wauza tumbaku. Alipomwona alipaza sauti, kama alivyofanya tangu utotoni.

"Mtazameni mtani wangu! Mungu wake amemficha chini ya ngozi, na mumewe anamlalia juu asitoroke!"

Soko zima la watu wa pwani lilicheka. Soavelo naye alicheka, ndivyo inavyopasa. Ambao hawakucheka ni askari wa nyanda za juu waliokuwa wakinunua tumbaku. Wao hawakujua utani wa pwani. Walisikia ushahidi.

Walikwenda moja kwa moja, wakainua ngozi. Adhuhuri hiyo Ratsimba alinyweshwa tangena, sumu ambayo watu wa kwao humpa mtuhumiwa ili tumbo lake liseme ukweli. Alifia kwenye vumbi la uwanja wa boma, mkewe akizuiliwa na mkuki uliowekwa kifuani. Na kabla jua halijashuka, Jaotombo alipita barabarani amevaa shuka nyekundu mpya, ile waliyopewa watoa habari.

Soavelo aliwaendea ndugu zake akipiga kelele. Wakamwambia, tuliza moyo. Ulikuwa utani. Mtani hakasirikiwi.

Ni neno hilo lililomfukuza Mahajanga kuliko mikuki. Alivuka kwenda Nosy Be, walikokimbilia malkia wa Boina, mrithi wa mfalme yule aliyefukuzwa, na watu wake, akiwa amebeba hasira ambayo hakuruhusiwa kuitua popote. Nyumbani walimwambia ni utani. Kanisani, yaani katika kibanda ambamo wakimbizi wachache walikutana kusali, walimwambia asamehe. Hakuna aliyemwuliza ni nini hasa kilichotendeka. Basi akanyamaza. Waliposali ile sala ambayo Bwana mwenyewe aliwafundisha watu wake, Soavelo alifumba mdomo walipofika penye maneno ya kuwasamehe waliotukosea, akaufungua tena mbele kidogo. Kwa miaka mingi alisali hivyo, sala yenye tundu.

Na sasa mtu mwenyewe yuko Marodoka, anaomba maji!

Alikwenda kwa Rainivao, kiongozi wa sala zao. Rainivao alikuwa seremala wa nyanda za juu aliyetoroka jeshini, mtu mwema aliyeogopa kukosea kama paka aogopavyo kulowa.

"Baba Rainivao, Mkristo anaweza kurusha maji ya ziva?"

Rainivao aliweka randa yake kando. "Hayo ni ya mababu, binti yangu. Tumeyaacha."

"Kwa hiyo nikatae."

"Mila hiyo, ndiyo, ukatae."

"Hata mtu akifa akiomba?"

"Maji hayo hayaponyi mtu, Soavelo. Kwani ni nani anayeom..."

"Asante," alisema Soavelo, akawa amekwisha kutoka.

Alirudi nyumbani kwa hatua nyepesi. Alipindua donge la nta, akashika kisu, akaanza kukwangua, na bila kujua akaanza kuimba. Hakuwa ameimba peke yake tangu Mahajanga. Ulikuwa wimbo wa sifa, ule ambao Ratsimba aliupenda, na uliteremka kutoka kinywani mwake mtamu, umejaa. Katika ubeti wa pili aliiona miguu ya Jaotombo. Aliiona imepasuka, inzi wamekaa, na mwenye miguu anaita jina lake bila kujibiwa. Sauti yake ikapanda kwa furaha.

Akanyamaza ghafla, kama mtu aliyekanyaga kitu kilicho hai.

Kisu kilikuwa bado mkononi. Juu yake ulining'inia ule ute mweusi wa chini ya donge, na Soavelo aliutazama mpaka ukadondoka.

Alikuwa amelinda moyo wake, au ndivyo alivyodhani. Hirizi ya mama yake aliitupa baharini. Shanga za mizimu alizikataa, pombe ya matambiko hakuionja, na wanaume waliomfuata ujaneni aliwarudisha wote. Alikaa mlangoni pa moyo wake kama askari, akimkagua kila aingiaye, na muda wote huo mwovu alikuwa ndani. Alikuwa jikoni. Soavelo ndiye aliyempikia, akamtandikia, na leo amemvika nguo ya kanisani na kumpeleka kwa Rainivao akasifiwe.

"Si haki!" alisema kwa sauti, na kuku wakatawanyika. "Alivaa shuka, Wewe ulimwona! Ratsimba alikuwa Wako, hukumtetea. Sasa huyu ndiye unayemtetea? Kwangu mimi?"

Aliutupa mlangoni upawa wa mti mgumu, ukavunjika mpini. Kisha ikambidi atafute mwingine, na jambo hilo nalo likamkasirisha.

Jumapili walikutana kibandani. Rainivao aliongoza, wengine wakafuata kwa sauti za chini kama walivyozoea tangu siku za kujificha. Walifika pale. Soavelo akafumba mdomo. Na kwa mara ya kwanza aliusikia ukimya wake. Ulisikika kuliko sauti zao, ukubwa wake kama wa mtu aliyesimama katikati ya chumba na kukataa kukaa. Sala ilipita mbele bila yeye. Aliinuka, akapita kati ya magoti ya wenzake, akatoka juani.

Alitembea mpaka Marodoka akisema peke yake. Waliokutana naye walimpisha.

Jaotombo alikuwa amelazwa katika kibanda cha kuwekea ngozi za biashara nyuma ya nyumba ya Kalathumi. Uso ulikuwa umekonda, masikio yale yale yamesimama pande mbili. Alipoona kivuli mlangoni alitabasamu, na meno yalikuwa machache.

"Kibuyu kilichopasuka," alisema. "Umezeeka vibaya."

"Nyamaza."

"Mtani haambiwi nyamaza."

"Mimi nakuambia."

Akanyamaza. Soavelo alibaki amesimama. Harufu ya miguu na harufu ya ngozi mbichi zilikuwa moja.

"Shuka iko wapi?"

"Shuka gani?"

"Jaotombo!"

"Iliisha," alisema Jaotombo. "Niliivaa mpaka ikaisha."

"Kwa nini uliipokea? Mdomo wako ulikimbia, sawa, mdomo wako haujawahi kufungwa kamba. Lakini mikono? Mikono nayo ilikuwa inatania?"

Alimtaka aseme kwamba aliogopa. Angekuwa amesema hivyo, angemdharau, na dharau ingemtosha. Jaotombo alitazama paa la makuti.

"Niliipenda," alisema. "Sikuwahi kuwa na kitu chekundu. Waliniwekea mabegani, nikajua imetoka wapi, na nikaipenda."

Kando ya mkeka palikuwa na bakuli la maji. Soavelo aliliinua. Lilifika usawa wa bega, maji yakamwagika kwenye kiwiko.

"Bakuli hilo la Kichina," ilisema sauti ya Kalathumi kutoka mlangoni. "Lilikuwa la mama yangu. Ukitaka kumpiga, mwanangu, pale kuna mbuzi ya nazi."

"Mama Kalathumi, tuache!"

"Nimewaacha," alisema Kalathumi, na hakuondoka.

Soavelo alichuchumaa. "Sikiliza. Sitakurushia maji ya kinywa."

Jaotombo alifumba macho. "Basi umenihukumu."

"Nimesema sikiliza! Kinywa changu hakina uwezo wa kumfungua mtu. Kingekuwa nao ningekunyima, na ningeimba nikikunyima, nimekwisha kujiona. Uwezo huo uko kwa mwingine, na Yeye hanipi ruhusa ya kukunyima. Kwa hiyo fungua macho unitazame. Ulimuua Ratsimba. Ulimuua kwa mdomo, ukavaa malipo yake. Miaka yote hii wananiambia ni utani. Si utani. Ni dhambi. Sijui kusamehe utani, hakuna wa kunifundisha. Dhambi nimeagizwa niisamehe. Nakusamehe dhambi."

Alisema hivyo kwa ukali ambao watu humfokea nao mwizi. Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama.

Jaotombo alikuwa akilia. Machozi yalikwenda moja kwa moja masikioni.

"Na mimi waliniambia hivyo," alisema. "Kila nilipotaka kusema, walicheka. Waliniambia, ni utani tu, Jaotombo, kunywa. Hakuna hata mmoja aliyekubali kwamba nilimuua."

"Ulimuua."

"Ndiyo."

"Basi."

Soavelo aliloweka kitambaa katika bakuli, akaanza kumwosha miguu. Hakumwosha kwa upole. Hakuwa nao.

"Unaniumiza!"

"Vumilia. Bado nina hasira."

"Umesema umesamehe."

"Nimesema. Unadhani ni kama kuzima taa? Kesho nitakuja na hasira yangu, na maji, na nitasema tena."

Soavelo alimaliza mguu wa kwanza. Kisha Jaotombo akasema kwa sauti ndogo, "Nitukane kidogo."

"Nini?"

"Tangu uingie hujanitukana. Mtani asiyetukana ameukata utani."

Soavelo alikamua kitambaa. Jina lile lilikuwa mbali sana, chini kabisa, nyuma ya uwanja wa boma na vumbi lake. Alilitafuta. Ilimchukua mguu wa pili wote kulipata.

"Kinda la popo," alisema, bila kumtazama.

Kalathumi, pale mlangoni, alijifuta pua kwa ncha ya kanga.

Soavelo alikwenda kila asubuhi. Asubuhi nyingine chuki ilimtangulia njiani, imeoga, imevaa vizuri, ikimwambia kwamba leo nta ni nyingi, kwamba mgonjwa ana watu wengine, kwamba Mungu haangalii kazi ndogo kama hiyo. Sasa aliitambua sauti yake. Aliifokea mbele ya watu, hata Marodoka wakasema yule mwanamke wa nta ameanza kuzungumza na majini. Miguu haikupona. Maji ni maji tu, Rainivao alikuwa amesema kweli. Lakini Jaotombo alilala usingizi, akala uji, akamtania Kalathumi kuhusu unene wake, na mwishoni mwa masika akafa mchana, mdomo wazi.

Wasakalava wa kisiwani walimchukua kumzika. Palihitajika mtani wa kuibeba maiti upande wa kichwa na kuikebehi njiani, na kwa ukoo wa Jaotombo hapo Nosy Be mtani alikuwa mmoja. Rainivao alisimama kando ya njia, amevua kofia, asijue kama aruhusu au akataze. Soavelo hakumwuliza. Alishika mti wa machela.

"Mzito hivi!" alipiga kelele, sauti imekwaruza. "Mmejaza nini humu? Maisha yake yote hakubeba hata kuni, na leo anataka kubebwa! Inua masikio hayo, wewe, upepo utusaidie!"

Wanawake waliokuwa wakilia walicheka. Yeye hakucheka, na uso wake ulikuwa umelowa.

Jumapili iliyofuata alikaa mahali pake kibandani. Rainivao aliongoza sala. Walipokaribia yale maneno, waliomzunguka walimwona Soavelo akikaza magoti kwa mikono miwili. Hakuwangoja. Aliyasema kabla yao, yote, kwa sauti kubwa ya ukali, kama mtu anayefukuza ndege mpungani, hata mtoto mmoja akashtuka na Rainivao akapoteza mstari.

Wakangoja kidogo. Kisha wakaendelea pamoja naye.